Umeitwa kwenye jaribio la dawa? Namna ya kuisoma fomu ya ridhaa kabla ya kutia dole gumba

Mama mmoja wa Ujiji alifungua fundo la kanga, akatoa karatasi kumi na moja zilizokunjwa mara nne. Ya kwanza ilikuwa na doa la mawese. Ya mwisho ilikuwa na dole gumba lake kwa wino wa bluu, na pembeni tarehe iliyoandikwa kwa mwandiko wa mtu mwingine. "Mwanangu," akaniambia, "hebu nisomee. Hapa nilikubali nini?"

Mtoto wake alikuwa ndani ya utafiti wiki ya sita.

Kigoma na Tabora nimekutana na jambo hili mara nyingi mno. Mmoja anasaini asichokijua, akichoka anatoroka bila kuaga. Mwingine anakataa mlangoni kwa kuwa amesikia ni mumiani wanaokusanya damu. Wote wawili wameruka kazi ileile: kuisoma fomu. Mwongozo huu ni kwa ajili ya kazi hiyo tu, hasa pale utafiti unapodhaminiwa na chuo kikuu.

Shika jambo moja kabla hatujaanza. Jaribio la kitabibu ni swali ambalo watafiti hawajui jibu lake, ndiyo maana wanauliza. Daktari wa zahanati akikuandikia dawa, anakufikiria wewe peke yako. Mtafiti naye anataka upone, lakini ratiba yake, vipimo vyake na chupa zake za damu vimepangwa ili kulijibu swali litakalowafaa watu ambao hajawaona. Ukilisahau hilo, kila kitu kwenye fomu kitakuchanganya.

## Andaa hivi kwanza

- Nakala kamili ya fomu ya ridhaa pamoja na karatasi ya maelezo. Ukurasa wa mwisho peke yake hautoshi.
- Daftari, na kalamu mbili za rangi tofauti.
- Kadi ya kliniki, na orodha ya dawa zote unazotumia, za mitishamba zikiwemo.
- Simu yenye salio.
- Mtu mmoja unayemwamini anayesoma Kiswahili vizuri na kukieleza kwa lugha ya nyumbani, kama ni Kiha au Kinyamwezi.
- Siku mbili au tatu.

## Hatua ya 1: Chukua fomu, nenda nayo nyumbani

Sema hivi: "Nashukuru. Naomba niende nayo nyumbani, nitarudi na jibu." Huna haja ya kutoa sababu.

Nakuambia uondoke nayo kwa sababu mtu aliyekaa kwenye benchi tangu saa moja asubuhi, mtoto ana homa mgongoni na muuguzi ameshashika kidau cha wino, atakubali chochote. Hiyo haiitwi ridhaa. Watafiti wanaojua kazi yao hawakasiriki ukiomba muda, na wengi watakutajia wenyewe.

Dharura ina utaratibu wake. Mtoto akiwa na malaria kali au mama akitoka damu baada ya kujifungua, hakuna wa kungoja siku tatu. Hapo maelezo huwa mafupi, na mazungumzo marefu hufuata hali ikitulia. Hata hivyo una haki ya kusema: "Mtibuni kwa njia ya kawaida."

Ole wako ukiambiwa "nafasi zinaisha leo". Maneno hayo yaache kwa wauza viwanja.

## Hatua ya 2: Mjue mdhamini

Tafuta neno "mdhamini" kwenye ukurasa wa kwanza au wa pili. Wengi wakiliona wanafikiria kampuni iliyoandikwa kwenye jezi za timu. Fikiria badala yake mdhamini wa mahakamani, yule anayesimama na kusema "huyu akiharibu, niulizeni mimi". Mdhamini wa jaribio ndiye anayebeba dhamana ya utafiti mzima: umepangwa vipi, unasimamiwa vipi, na mtu akidhurika nani anawajibika.

Usimchanganye na wengine wawili. Mfadhili ni mwenye fedha. Mtafiti mkuu ni mtu, kwa kawaida daktari, anayeongoza kazi. Mara nyingi fomu moja inawataja wote watatu: fedha za shirika la Ulaya, dhamana ya chuo kikuu, na mtafiti mkuu wa hapa nchini.

Chuo kikuu kikiwa mdhamini, kuna mambo yanayobadilika. Kampuni ya dawa kwa kawaida hujaribu dawa yake mpya ili iiuze. Vyuo mara nyingi huuliza maswali ambayo hayana faida ya dukani: kati ya dawa mbili za zamani ipi inaokoa zaidi, dozi inaweza kufupishwa, kifaa cha bei nafuu kinatosha?

Mfano uko hapahapa Tabora. Kati ya 2006 na 2009, Kituo cha Afya Kaliua kilikuwa moja ya sehemu mbili za jaribio la tiba ya malale yaliyofika kwenye ubongo; ya pili ilikuwa Hospitali ya Lwala, Uganda. Kazi hiyo iliendeshwa na taasisi ya tiba za tropiki ya Basel, Uswisi, yenye uhusiano rasmi na Chuo Kikuu cha Basel. Dawa yenyewe, melarsoproli, ni ya kale, ina arseniki ndani yake na ni kali kiasi cha kuweza kuua. Swali lilikuwa kama sindano zilizozoeleka kupigwa kwa mizunguko yenye mapumziko, mgonjwa akilazwa karibu mwezi, zinaweza kupigwa siku 10 mfululizo bila kuongeza madhara. Jibu lilikuwa ndiyo. Hakuna kampuni ambayo ingejisumbua na swali hilo.

Lakini jina la chuo lisikulaze usingizi. Chuo nacho kinaweza kuwa na bajeti nyembamba, na wembamba huo utauona kwenye nauli na kwenye bima. Tutafika huko.

## Hatua ya 3: Kagua vibali

Hapa usiharakishe. Chukua kalamu ya bluu, zungushia namba zote utakazozikuta.

Kibali cha maadili cha kitaifa hutolewa na NIMR, Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu. Namba yake kwa kawaida huanza NIMR/HQ/ na kufuatiwa na herufi na tarakimu. Kibali hiki huwa cha mwaka mmoja na lazima kihuishwe, kwa hiyo soma tarehe. Chuo cha nje nacho kina kamati yake ya maadili huko kwao, lakini kibali cha huko hakiwezi kusimama mahali pa kibali cha hapa.

Kama kuna dawa, chanjo au kifaa kinachojaribiwa, lazima pia kuwe na kibali cha TMDA, Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba. TMDA ina ofisi ya kanda Tabora mjini. Unaweza kuingia ukauliza. Watafiti wa kigeni nao huhitaji kibali cha COSTECH, Tume ya Sayansi na Teknolojia.

Namba nyingine ni ya daftari la majaribio. Daftari la Afrika, lililoko Cape Town, hutoa namba zinazoanza na PACTR. La Marekani hutoa NCT na tarakimu nane. Kijana wa nyumbani mwenye simu ya intaneti aiandike namba hiyo mtandaoni. Jaribio lililosajiliwa litatokea likiwa na jina la mdhamini, idadi ya washiriki wanaotafutwa na swali linaloulizwa. Jina la mdhamini mtandaoni likitofautiana na la kwenye fomu, simama hapo na uulize.

Mwisho, tafuta namba mbili za simu: ya mtafiti mkuu, na ya kamati ya maadili. Piga ile ya pili kabla hujasaini. Sema tu, "Nimepewa fomu ya utafiti fulani hapa Kasulu, nataka kuhakikisha mnaujua." Watu wanaona aibu kupiga, kana kwamba wanamsengenya daktari. Namba hiyo imewekwa kwa ajili yako, naye daktari anajua.

Ngazi ya chini, mtendaji wa kijiji au mtaa anapaswa kuwa na taarifa, na ofisi ya mganga mkuu wa wilaya pia. Timu inayopita nyumba kwa nyumba ikichukua damu huku mtendaji hajui lolote, usiipe hata kidole.

Umeimaliza hatua hii vizuri ukiwa na namba ya NIMR ambayo muda wake haujaisha, namba ya TMDA kama kuna dawa, na simu moja uliyopiga ikapokelewa.

## Hatua ya 4: Liandike swali kwa maneno yako

Soma sehemu ya "lengo la utafiti". Kisha funga fomu, chukua daftari, andika sentensi moja inayoanza na "Wanataka kujua kama…"

Ukishindwa kuimaliza, bado hujaielewa fomu, na kosa huenda si lako. Nikiwa karani wa utafiti mmoja nilimsomea mzee wa Kasulu fomu nzima kwa Kiswahili sanifu, dakika arobaini, naye akiitikia kwa kichwa. Nilipomwuliza amesikia nini, akajibu kwa upole: "Nimesikia unasoma vizuri." Fomu ilikuwa na maneno kama "ufanisi linganishi". Ningemwambia "ipi inaponya zaidi", tungekuwa tumemaliza.

Sentensi nzuri inafanana na hii: "Wanataka kujua kama sindano ya artesunati inaokoa watoto wengi kuliko kwinini." Hilo lilikuwa swali halisi la jaribio lililosimamiwa na Chuo Kikuu cha Oxford kati ya 2005 na 2010. Lilihusisha watoto 5,425 wenye malaria kali katika nchi 9 za Afrika, wakiwemo wa Muheza kwetu Tanzania. Waliopewa kwinini walifariki asilimia 10.9, waliopewa artesunati, asilimia 8.5. Mzazi wa Uvinza anayepokelewa leo na mtoto aliyepoteza fahamu anakuta artesunati kwa sababu wazazi wa watoto wale walikubali swali liulizwe.

Angalia pia awamu. Awamu ya kwanza dawa inapewa watu wachache, wanatazama usalama. Ya pili wanatafuta dozi na dalili kwamba inafanya kazi. Ya tatu inalinganisha kwa watu wengi. Ya nne dawa iko sokoni tayari na inaendelea kufuatiliwa. Kadiri awamu ilivyo ya chini ndivyo mambo yasiyojulikana yanavyokuwa mengi.

## Hatua ya 5: Ulizia kura

Fomu itasema washiriki "watapangwa kwa bahati nasibu". Hapa ndipo minong'ono huanza: kwa nini mtoto wa jirani kapewa sindano na wangu vidonge? Kuna anayependelewa?

Kura inapigwa ili asiwepo wa kupendelewa. Daktari akiachiwa kuchagua, bila kujua atawapa dawa mpya wale wanaoonekana wana nguvu, halafu wakipona tutasema dawa imewaponya. Kwa kura, makundi yanalingana tangu mwanzo, na tofauti itakayoonekana mwisho inatoka kwenye dawa.

Uliza mambo matatu. Kuna makundi mangapi? Kuna kundi litakalopewa plasebo, yaani kidonge kisicho na dawa ndani? Na je, wewe na daktari mtajua uko kundi gani? Palipo na tiba inayojulikana ya ugonjwa mzito, kundi la kulinganishia linapaswa kupewa tiba hiyo. Ukisikia vinginevyo, dai maelezo mpaka uridhike.

Si kila jaribio linampigia kura mtu mmojammoja. Lile la Kaliua halikuwa na kura: wagonjwa walilinganishwa na kumbukumbu za waliotibiwa kabla yao. Na katika jaribio la kuzuia damu baada ya kujifungua lililoongozwa na Chuo Kikuu cha Birmingham, matokeo yake yakatoka 2023, kura zilipigiwa hospitali 80, za Tanzania zikiwemo. Kundi moja liliongezewa mfuko wenye alama za kupimia damu chini ya mama na matibabu yote kwa pamoja bila kungoja. Kutoka damu nyingi na madhara yake makubwa vilipungua kwa asilimia 60. Kwenye utafiti wa namna hii hospitali nzima ndiyo iliyo kwenye kundi, hivyo fomu yako itakuwa tofauti.

## Hatua ya 6: Hesabu damu, siku na nauli

Geuza kwenye jedwali la mahudhurio. Kwa kalamu nyekundu andika pembeni:

Damu. Mililita 5 ni kijiko kimoja cha chai. Jumlisha za ziara zote, kisha uliza zinakwenda wapi. Kama sampuli zitasafirishwa nje ya nchi au kutunzwa kwa tafiti za baadaye, hilo lazima liandikwe, na mara nyingi lina kisanduku chake cha ndiyo au hapana. Unaweza kukubali utafiti ukakataa kisanduku hicho. Mumiani hajawahi kumpa mtu kisanduku cha kukataa.

Siku. Ziara nane kwa mwaka zinaonekana chache mezani. Lakini mvuvi huhama na dagaa, na mkulima wa tumbaku wa Urambo anahamia shambani miezi kadhaa. Anayetoka Kalya anaingojea boti. Kama ziara ya siku ya 28 inaangukia msimu huo, sema leo.

Nauli. Uliza inalipwa kiasi gani, lini, na kama inamhusu anayekusindikiza. Hapa ndipo bajeti nyembamba ya chuo inapoonekana: nimeona nauli iliyokadiriwa kwa mtu wa Mwanga, hapa Kigoma mjini, ikilipwa kwa mtu aliyetoka mbali kijijini Kalinzi. Malipo hayo ni ya kufidia gharama. Yakiwa makubwa kiasi cha kukutamanisha, jiulize kwa nini.

## Hatua ya 7: Pakitokea madhara, nani analipa?

Tafuta neno "bima" au "fidia". Sentensi unayoitaka ni ile inayosema ukidhurika kwa sababu ya utafiti utatibiwa bila kulipa, na inamtaja atakayegharamia. "Utapewa rufaa" peke yake haina fedha ndani yake; rufaa kutoka Kibondo mpaka hospitali ya Bugando, Mwanza, inahitaji gari, na gari linahitaji mafuta.

Soma pia masharti ya ujauzito na kunyonyesha. Baadhi ya dawa zinataka utumie uzazi wa mpango muda wote, na hilo ni la kuzungumza nyumbani kabla.

## Hatua ya 8: Siku ya kusaini

Rudi na daftari, uliza maswali uliyoandika. Kisha fanya kitu ambacho wengi hawakifanyi: mweleze muuguzi utafiti huo kwa maneno yako, naye akusahihishe.

Asiyesoma ana haki ya shahidi asiye wa timu ya utafiti. Shahidi anakaa tangu mwanzo wa maelezo, naye anasaini. Mwanao au jirani anafaa. Mlinzi wa geti aliyeitwa dakika ya mwisho hafai. Mtu mzima anasaini mwenyewe, mwanamke akiwemo: kushauriana na mume ni vyema, lakini sahihi ya mume haichukui nafasi ya yako. Kwa mtoto anasaini mzazi au mlezi, na mtoto aliyefikia umri wa kuelewa naye aulizwe.

Tarehe iandike mwenyewe kama unaweza. Usiondoke bila nakala yenye sahihi zote mbili, yako na ya aliyekueleza.

## Hatua ya 9: Ukiwa ndani

Kadi ya utafiti tembea nayo. Ukiugua usiku na kupelekwa hospitali nyingine, ndiyo itakayomwambia daktari una nini mwilini.

Dawa za utafiti usimgawie mtu. Nusu ya kidonge kwa shangazi anayeumwa vilevile ni huruma, najua. Lakini shangazi hajapimwa, na vidonge vyako vinahesabiwa. Mitishamba usiifiche pia. Hakuna atakayekufukuza kwa kusema ukweli, na dawa mbili zinaweza kugombana tumboni.

Kujitoa ni haki yako siku yoyote, na matibabu yako ya kawaida hayaguswi. Ila jitoe kwa kuaga. Dawa nyingine haziachwi ghafla, na timu inaweza kuhitaji kukupima mara ya mwisho kwa usalama wako. Ukibadilisha laini ya simu, wajulishe, maana madhara mapya yakigundulika kwingine wewe ni miongoni mwa watakaopigiwa.

## Hatua ya 10: Dai mrejesho

Kabla ya ziara ya mwisho uliza: matokeo yatatoka lini, yataletwa wapi, kwa lugha gani? Dawa ikishindwa, hayo nayo ni matokeo, nayo yaletwe. Na ikifaulu, je, walioijaribu wataendelea kuipata?

Omba jibu liandikwe kwenye nakala yako ya fomu, na jina la aliyeahidi. Yule mama wa Ujiji, tulipomaliza kuzisoma zile kurasa kumi na moja, alirudi kliniki na maswali matatu, na mwanawe akaendelea mpaka mwisho. Walipomwuliza mkutano wa mrejesho ufanyike lini, alisema siku yoyote sawa, ila isiwe asubuhi, kwani asubuhi yuko mwaloni Kibirizi anangojea dagaa.